O Tano za Ndeti

"Machakos hii yote, kompyuta ndiyo inaniiga mimi," Ndeti alitangaza akiwa juu ya ngazi, wanaboda wote wakimsikia kwenye pikipiki zao. "Nikichora O, mwezi unaona haya."

Tumpe haki yake, kazi aliijua. Miaka mingi alichora mabango ya herufi zenye mikia na maua kama kadi ya harusi, mpaka wateja wakaanza kumwonyesha simu: tunataka hizi za kisasa. Akazitazama, akacheka. Mstari na duara, basi. Unene mmoja kuanzia A hadi Z, pambo hakuna. Herufi ambazo mwanaboda anazisoma bila kupunguza mwendo, na hao jamaa hawapunguzi. Mistari aliipiga kwa rula; maduara, kwa kifuniko cha sufuria cha mkewe, Kamanthe.

Leo ilikuwa MOTO MOTO HOTELI. O tano. Mwenye hoteli, Zamzam, alishamwambia: bango lisipopendeza kufikia saa saba, kazi ni ya Jeff wa mashine ya kuprinti.

Saa tano akamaliza. Mwikali, anayeuza ovakado ng'ambo ya barabara, akaita, "Fundi, hizo O zimekosa lishe ama?"

"Zimegusa mstari juu na chini. Nimepima."

"Pima na macho. Vuka uone."

Akavuka. Akageuka, akatazama. Katikati ya M na T, zile O zilisimama kama watoto kwenye picha ya wazazi. T inaukalia mstari wote. Duara linaugusa kwa ncha tu. Ili ionekane sawa, O lazima ivuke mstari kidogo, juu na chini. Yaani lazima idanganye.

Alihitaji kifuniko kilichozidi kile cha Kamanthe kwa upana wa kucha. Kilikuwepo kimoja tu, juu ya pilau ya Zamzam.

"Dakika kumi tu, mama," akamwomba.

"Pilau iko kwa mvuke, Ndeti."

"Na jina lako liko kwa ukuta, linakonda."

Zamzam akacheka bila kutaka, akafunika pilau kwa sinia.

Saa saba kasorobo Zamzam akavuka barabara, mikono kiunoni, akalitazama bango mpaka Ndeti akaanza kutokwa jasho.

"Mwambie Jeff akuje ale tu, kazi hana hapa," akasema.

Ndeti akacheza hapo hapo juu ya ngazi. Kisha akarudisha kifuniko, rangi nyekundu ya mafuta imezunguka ukingo wote, duara kamili.

Kifuniko kipya cha sufuria ya pilau ni shilingi mia nne na hamsini.