Emerance Aliyekataa Kutubu

Habari za Emerance nimezisikia zikipotoshwa sokoni Bugarama mpaka nimechoka. Wengine wanasema aliidharau Meza ya Bwana. Wengine wanasema ana kiburi cha watu waliotoka Kongo, kana kwamba nusu ya kanisa letu haikutoka huko huko. Mimi nilikuwepo. Nimeimba sauti ya pili bega kwa bega naye miaka kumi na minne, kwa hiyo nyamazeni kidogo niseme.

Emerance alikulia Kamanyola, ng'ambo ya mto upande wa Kongo, akarudi Rwanda akiwa msichana mkubwa. Kazi yake ni kuanika mpunga. Anautandaza kwenye uwanja wa saruji karibu na kinu, kisha anaupindua kwa miguu, akiburuta nyayo mstari kwa mstari, huko na huko, tangu asubuhi hadi jua lishuke. Ukimpita utamsikia akiongea peke yake. Anaomba, na anaomba kwa Kiswahili, hata kama kanisani tunaomba kwa Kinyarwanda.

Alikuwa na njaa moja tu maishani na hakuificha: alitaka kujazwa na Mungu. Alifunga siku tatu tatu. Alipanda milima ya maombi mpaka magoti yakachubuka. Sisi wengine tulilia, tulitetemeka, tulianguka chini. Yeye alibaki amesimama, mkavu. "Maman Mucyo, mimi nasikia tu kichwa inaniuma," aliniambia siku moja, nami nikamcheka. Najuta.

Basi ikaja Jumapili ya kwanza ya Januari, siku ya Meza. Sinia la mkate lilikuwa limefika kwa kwaya. Mchungaji Habumugisha alikuwa ametuagiza tuimbe bila kuondoka mahali petu. Dirishani tukaona wingu jeusi linashuka kutoka upande wa Kongo. Nasema tukaona, kwa sababu na mimi niliona. Uwanjani kulikuwa na mpunga wa Nzigire, jirani yetu mjane, mavuno yake yote ya msimu, na Nzigire alikuwa kitandani na malaria. Mpunga ukinyeshewa unaanza kuchipua, na kinu hakiupokei. Mimi nilitazama chini, nikaendelea kuimba.

Emerance aliruka benchi. Alipita mbele ya Meza yenyewe, na kanzu yake ya kwaya, akatoka mbio.

Tulipomaliza ibada mvua ilikuwa imekwisha. Nilimkuta uwanjani amelala kifudifudi juu ya turubai, amelikandamiza kwa mwili wake kwa sababu upepo ulikuwa umeyashinda mawe ya kulishikilia. Kanzu ilikuwa matope matupu. Alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja.

"Amekuya," aliniambia, akipapasa turubai. "Nilikuwa nashikilia hii bashi, nikasikia ananijaza, mpaka huku." Akagusa koo. "Miaka yote ile namutafuta, Maman Mucyo! Kumbe alikuwa karibu hivi!"

Wazee wa kanisa hawakutaka kusikia hayo. Walimweka nyuma. Kwetu mtu akikosa anawekwa nyuma: anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, haimbi, hagusi Meza, mpaka siku atakaposimama mbele ya watu na kukiri kosa lake. Emerance alikaa huko miezi mitatu, pamoja na msichana aliyepata mimba akiwa bado kwa wazazi wake na mzee aliyekutwa na pombe. Februari sinia lilimpita. Machi likampita tena, na nikauona mkono wake ukinyanyuka wenyewe, kisha ukarudi magotini. Aliupenda mkate ule. Mtu asiniambie hakuupenda.

Nilimfuata uwanjani nimbembeleze. "Sema tu neno moja na ikwishe," nilimwambia. Alinitazama, akaendelea kupindua mpunga.

Jumapili ya kwanza ya Aprili mchungaji alimwita mbele.

"Maman Gaju, ni neno moja tu," Habumugisha alisema, akimwita kwa jina la mwanawe, na sauti yake ilikuwa ya upole, sitamsingizia. "Sema nilikosa. Tunakurudisha kwa kwaya leo leo."

Emerance alivuta pumzi.

"Pasta, kama nilikukosea heshima, unisamehe. Kama nilikanyaga muntu wakati niko nakimbia, na yeye anisamehe. Lakini juu ya ile mvula, hapana. Nilitafuta Mungu humu ndani miaka mingi, na ile siku nilimupata kule inje. Nikisema nilikosa, nitakuwa namukana mu maso ya batu bote. Mukate naupenda, Pasta. Lakini siwezi kuukula na uongo mu kinywa."

"Basi utabaki nyuma!" mzee mmoja alifoka kutoka benchi la mbele.

"Nitabaki, Mzee. Hata kule nyuma ananifikia."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, akageuka, akatembea katikati ya watu wote kichwa juu, akakaa mahali pake karibu na mlango. Mchungaji alifungua Biblia, akaifunga, akaifungua tena, kisha akaamuru Meza iendelee.

Sinia lilianza kuzunguka. Nilichukua kipande changu kama kila mwezi, kisha nikageuka kumtazama, ingawa kwaya hairuhusiwi kugeuka. Sinia lilikuwa linampita. Mara hii mkono wake haukunyanyuka. Alikuwa amefumba macho, uso wake umetulia kama wa mtu aliyetoka kula kwao akashiba.

Mimi nilikuwa na mkate mdomoni, na nilimwonea wivu.