Nilimsamehe Binti Yangu kwa Kosa Langu

Ni mimi nilifanya. Wacha niseme hivyo kwanza, kabla niogope nifute hii barua.

Naishi upande wa Mabanga na mjukuu wangu wa miaka mitatu. Mama yake, binti yangu, alikuwa anauza mbegu kwa duka la mtu huko Kitale. Aliniachia mtoto kwa sababu aliniamini. Aki, aliniamini!

Jumatatu moja mtoto akaanza kuhara na kulia tumbo. Binti alikuwa amenikataza kitambo: "Mama, akiugua mpeleke hosipitali, usianze mambo ya munyu." Munyu ni yale maji tunachuja kwa majivu ya maganda ya maharagwe, tunapikia mboga. Sisi tumbo likitusumbua tunalamba kidogo, unacheua, kwisha. Nikasema, ati huyu anifundishe kulea? Si ni mimi nilimlea yeye?

Kijiko cha kwanza nilichanganya na maji. Hakupoa. Cha pili nikampa hivyo hivyo, ile nzito ya chini ya chungu. Alipiga nduru, akashika shingo! Nikamwambia nyamaza, dawa ni kali.

Ikafika jioni mate yanamtoka, hataki hata maji. Nikakimbia naye hosipitali. Daktari akaniuliza, "Nyanya, umempa kitu nyumbani?" Nikasema hapana.

"Hata dawa ya kienyeji? Sitakugombeza."

Nikaapa kwa jina la Mungu, jameni! Niliona aibu tu. Basi wakamtibu kama mtu amekula chakula kibaya.

Binti akafika mbio. Jumapili, siku moja kabla mtoto augue, alikuwa ameleta soseji, mtoto akakula nne. Kusikia ni chakula, akapiga magoti hapo kwa koridoo.

"Mama, nisamehe. Ni mimi nimeua mtoto."

Na mimi, mwanamke wa kanisa, nikamwekelea mkono kwa kichwa nikasema, "Nimekusamehe." Wuui! Ulimi wangu haukukauka!

Mtoto hakufa. Lakini koo limekazana, anakunywa uji mwepesi tu, na kila mara anarudishwa hosipitali kulipanua. Daktari wa pili alisema kuna kitu kikali kilimchoma koo. Binti akajibu haraka, labda hizo soseji zilikuwa na kemikali. Mimi nikaangalia ukuta.

Aliacha kazi. Anamlisha kwa kijiko, polepole, akimaliza ananiambia, "Asante Mama, hukunichukia." Siwezi kumeza chakula nikisikia hivyo.

Wewe unayelea mjukuu, usijaribu dawa zako kwa mtoto mdogo. Na kama umeshampa, sema! Watakugombeza dakika tano, iishe. Mimi niliogopa hizo dakika tano, sasa ona.

Kesho tunampeleka tena. Tutakaa benchi moja, mtoto katikati yetu. Niombeeni nifungue mdomo, kwa sababu mpaka leo sijamwambia.