Nimefika, Nimefiwa

Naikumbuka Jumapili moja, mwanangu, siku niliyowaliza watu wa Mwika kwa msiba usiokuwapo. Sogea nikusimulie, maana juzi mezani nilikuona ukimpigia kelele babu yako kwa kuwa hasikii vizuri, nikajiona mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wako.

Miaka ile redio za nje zilikuwa zimeanza kumwagika madukani, nami nilikuwa na kibanda changu cha ufundi Njoro, pale Moshi mjini. Msichana mwenye bisibisi! Wengine walikuja kuchungulia tu. Nilikuwa na kichwa kikubwa, sitakuficha. Redio yoyote iliyopita mikononi mwangu ilitoka ikinguruma, na wenyewe waliondoka wakitabasamu. Nikaamini ufundi wote uko hapo: sauti ikiwa kubwa, kazi imekwisha. Wazee walishasema debe tupu haliachi kuvuma, lakini nani aliwauliza?

Kila mwisho wa wiki nilipanda nyumbani Mwika. Huko tulipakana na Bibi Aikande, mjane mwenye mtoto mmoja tu, Ndeshi. Masikio yake yalikuwa yamechoka, na kanisani walimpatia kifaa cha kusikia cha mtumba kutoka Ulaya: kisanduku kidogo cha kuning'iniza kifuani, na waya unaopanda hadi sikioni. Akaniletea nikiangalie. Nikakifungua, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikaongeza na besi, ule mngurumo mnene wa chini, nikamvalisha.

Kesho yake asubuhi akaniita uani. "Nasikia ng'ombe akitafuna," akasema. "Mvua juu ya bati naisikia. Ila watu siwasikii, mwanangu."

"Utazoea, bibi," nikamjibu, tena kwa kelele, nikashuka zangu mjini. Hata sikukaa kitako.

Wiki hizo Ndeshi alikuwa anampeleka mumewe Dar es Salaam kupasuliwa tumbo. Mume alisafirishwa hoi, na Bibi Aikande alikuwa hali wala halali. Walikuwa wamekubaliana Ndeshi apige simu Jumapili baada ya ibada, pale dukani barabarani, maana simu ya karibu ilikuwa hiyo moja tu. Ikaita. Mwenye duka akampa bibi mkonga wa simu. Ndeshi akasema, "Mama, nimefika." Bibi akasikia, "Mama, nimefiwa."

Yowe alilopiga nalikumbuka mpaka leo. Aliuachia mkonga, akaanguka chini. Jua halijawa utosini, wanawake walishajaa kihambani kwake, kwenye migomba inayozunguka nyumba, na ndizi vichwani, vijana wanashusha mabenchi ya kanisa, mwinjilisti kafungua kitabu cha nyimbo. Mimi nami nililia, tena kwa sauti kubwa kama kawaida yangu. Tulimlilia mtu aliyekuwa kitandani Dar akinywa uji! Kesho yake Ndeshi akapiga tena kuuliza kwa nini simu ilikatika, na safari hii alipokea mwenye duka. Watu wakabeba mabenchi yao, wengine wakicheka, wengine wamenuna. Ndizi hakuna aliyezidai.

Bibi Aikande alivua kile kifaa, akakifungia sandukuni. "Simu sishiki tena," akasema. Na Jumapili iliyofuata Ndeshi alikuwa apige kueleza kama mumewe ametoka salama kwenye upasuaji. Hivi kweli mama mtu apewe habari ya mkwewe na mwenye duka, mbele ya watu wanaonunua chumvi?

Nikachuma jani la isale kwenye uzio. Wewe umezaliwa mjini, huenda hulijui. Kwetu ukimwendea uliyemkosea na jani hilo mkononi, hawezi kukufukuza. Nikampa kwa mikono miwili. "Shikamoo, bibi. Nimekuja kuomba msamaha." Hakusikia neno hata moja, lakini jani aliliona. Akalipokea, akaliweka mapajani.

"Kisanduku ulikifungua," akasema, "lakini mimi hukuniuliza. Mtori wa ndizi ukikosa chumvi, wewe unaongeza maji? Kelele ninazo za kutosha. Nilichokosa ni maneno."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kiziwi wiki ile nilikuwa mimi.

Nikafunga kibanda cha Njoro wiki nzima. Nilimvalisha kifaa, nikakaa nyuma yake asione midomo yangu, nikawa nataja neno moja moja, naye anarudia alichopata. "Chai" ikarudi "ai". "Sita" na "tisa" zote mbili zikarudi "ia". Ndipo nikaelewa. Zile sauti nene, a na o, alizipata hata bila mimi. Alichopoteza ni visauti vyembamba, s na f na k na t, vinavyotenganisha neno na neno, na mimi nilikuwa nimevizika chini ya besi. Nikapunguza besi. Nikainua sauti nyembamba kidogo kidogo, nikimuuliza kila hatua. Nikasafisha nta iliyoziba kidude cha sikioni. Nikamwomba akitoe kisanduku nje ya sweta alikokificha, maana kila akipumua sufu ilikikwaruza. Siku ya nne "sita" ikarudi "sita", na "tisa" ikarudi "tisa".

"Sasa acha kunipigia kelele," akaniambia. "Mimi si kiziwi."

Jumapili nilimwomba mwenye duka azime redio. Simu ilipoita nilimpa bibi mkonga kichwa chini, pa kusikilizia pakae juu ya kisanduku kifuani, maana sikio la kifaa kile lilikuwa pale, na pa kusemea pawe kidevuni.

"Bibi, simu umeishika miguu juu!" mwenye duka akacheka. Bibi hakumjali. Mimi nilikuwa nimesogea karibu, nimetega sikio.

"Mama," Ndeshi akasema, "amepona. Anataka mtori."

Bibi Aikande akaubana mkonga kisandukuni kwa mikono miwili.

"Rudia," akasema.

"Mama, husikii?"

"Nasikia, mwanangu. Rudia hivyo hivyo."

Ndeshi akarudia mara tatu, na mimi nikalia tena, safari hii kimya kimya.

Basi mwanangu, mtu asipokuelewa usikimbilie kupaza sauti. Kaa chini, muulize ni kipi hasa hakimfikii, na umwamini anapokujibu, maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Babu yako yuko barazani. Nenda kakae mbele yake, useme naye taratibu.

Mungu akujalie mikono ya fundi, lakini akutangulizie masikio. Na siku yako ya uzee ikifika, akupe mtu atakayekaa nyuma yako akitaja sita na tisa, bila kuchoka, mpaka zitengane.