Muhogo Uliotisha Ndege

"Anua muhogo huo, bibi! Anua kabla ndege ya nduli haijauona!"

"Siuanui, Bazilio. Kama unaogopa, uulalie wewe uufunike."

Bazilio, balozi wa nyumba kumi, alisimama ukingoni mwa mwamba na kikapu mkononi. Mwamba mzima ulikuwa mweupe kwa muhogo wa Epifania, uliotolewa majini jana yake. Redio ya dukani kwa Isihaka ilisema tu watu wajihadhari na ndege za adui. Lakini habari hiyo ilipofika Nyakitonto kwa miguu ilikuwa imeshaota pembe: rubani akiona cheupe hudhani ni mahema ya askari, akaangusha moto. Basi kijiji kizima kikaacha kuanika. Muhogo ukaoza mtoni, ukanuka hata fisi wakahamia Kibondo.

Epifania alikuwa amechoka. Si kazi iliyomchosha, maana alitoka Burundi mwaka wa sabini na mbili na mjukuu mgongoni, sufuria kichwani. Yalimchosha maneno. Kule nako yalianza hivi hivi: jirani kaonekana na hiki, jirani kafanya kile. Kulipokucha, jirani hana mlango.

"Watu wanauliza," Bazilio alishusha sauti, "kwa nini mkimbizi peke yake ndiye anayemwekea adui alama."

"Waambie alama hiyo huliwa na maharage. Ndio unga wetu wa mwisho, mwanangu. Ukiuanua na maji yake, kesho ni ukungu mtupu. Wajukuu niwapikie redio?"

"Usiidharau redio! Vijana wetu wanasonga mbele vitani kama waendao harusini. Mwanangu Venanti yumo. Hakuna hata mmoja aliyekwaruzwa."

"Hata mwiba? Yewe, Balozi, hata harusini watu hujikwaa."

Bazilio akainama, akaanza kuzoa. Epifania akajikalisha juu ya vipande vilivyobaki, kama kuku anayeatamia.

"Haya, nianue na mimi."

Fimbo ikagonga jiwe nyuma yao. Venanti alikuwa amepanda kutoka barabarani kwa mguu mmoja, suruali ya jeshi imefungwa fundo gotini. Njaa ya safari ilimtoka machoni. Alichukua kipande cha muhogo kikapuni, akakitafuna hivyo hivyo bila kupikwa, na baba yake akabaki ameinama, kikapu mikononi.