Babu Niliyemtunga Mwenyewe Nusura Avunje Ndoa ya Dada

Ndugu wasomaji, kaeni wima. Anayewaandikia ni mwanahistoria aliyegeuza asili ya koo mbili zinazoheshimika za jimbo la Maharashtra.

Kazi hiyo niliifanya nikiwa nimekalia karo la kufulia la bweni, kwa simu ya kuazima, mguuni nina soksi moja.

Matokeo yake, dada yangu aliamka asubuhi moja akaambiwa kwamba mchumba wake ni kaka yake wa damu.

Tulieni, nieleze.

Naitwa Ninad Sahasrabuddhe. Jina la ukoo wetu ni refu kiasi kwamba kwenye mtihani wenzangu wanajibu maswali, mimi bado najitambulisha.

Sahasra ni elfu, buddhi ni akili. Yaani mwenye akili elfu moja.

Lilianzaje? Wapo wanaosema babu mmoja alisifiwa hivyo kwa usomi wake. Wapo wanaosema babu huyo alikuwa mjuaji, kijiji kikamtania, utani ukaganda. Ukweli hakuna anayeujua. Baba yangu anaijua ile ya kwanza tu.

Halijazagaa kama Joshi au Patil. Hapa Pune ukilitaja, hata muuza maziwa hashtuki. Ukienda mbali kidogo, karani anakusukumia kalamu: "Bwana, andika mwenyewe."

Sasa, muhula ule mwenye akili elfu moja nilipata alama nne za hesabu.

Katika mia.

Nilirudi likizo ya Diwali nikakuta nyumba imepambwa. Familia ya Ashtaputre inakuja kumwona dada yangu Ketaki. Posa.

Ashtaputre maana yake ni wana wanane. Kijana mwenyewe, Mihir, ni mtoto wa pekee. Nililiona hilo mapema nikalihifadhi.

Ketaki akaleta sahani za pohe, ule mchele bapa wa kukaangwa, na chai, macho chini kama desturi inavyotaka, ingawa yeye na Mihir walikuwa wanapendana chuoni tangu zamani na kila mtu pale sebuleni alijifanya hajui.

Mihir akanigeukia. "Shemeji, hesabu ulipata ngapi?"

"Nne."

"Kumbe! Na zile akili nyingine mia tisa tisini na sita zilikuwa likizo?"

Sebule ikavunjika mbavu. Baba alicheka. Mama alicheka. Ketaki, damu yangu, alicheka hadi meno ya nyuma yakaonekana.

Poa, nikasema moyoni. Tutaonana.

Niliporudi shuleni Panchgani nikatafuta ule ukurasa wa mtandaoni unaoeleza asili za majina ya koo. Yeyote anaweza kuongeza chochote. Hilo si kosa langu.

Nikaandika hivi: hapo kale, pwani ya Konkan, aliishi mzee mwenye wana tisa na akili elfu moja. Akagombana na wanane, akawafukuza, akamrithisha akili zote yule wa tisa. Huyo wa tisa ndiye Sahasrabuddhe. Wale wanane waliotoka vichwa vitupu ndio Ashtaputre.

Kunogesha, nikaongeza kwamba Sahasrabuddhe ni jina la tatu kwa wingi katika visiwa vya Tonga.

Nikalala usingizi wa mtu mwema.

Nilisahau kitu kimoja tu. Gotra.

Kwetu kila ukoo una gotra yake, yaani mzee wa mwanzo kabisa ambaye wote wanatokana naye. Watu wa gotra moja huhesabiwa ndugu. Hawaoani, hata kama mmoja anaishi Pune na mwingine mwezini.

Na mimi nilikuwa nimewapa bwana na bibi harusi baba mmoja.

Likizo ya Mei nilifika nyumbani. Mama akanivuta kando.

"Usimtanie dada yako leo. Harusi imekwama."

"Imekwamaje?"

"Shashikant, baba mdogo wa Mihir, kaona kitu kwenye simu. Eti sisi na wao tumbo moja. Kakituma kwa ukoo mzima."

Nikavua viatu taratibu, kimoja kimoja.

Sebuleni, Baba alikuwa anafoka kwenye simu. "Gotra yetu ni yetu, yenu ni yenu, Shashikant! Tangu babu na babu!"

Sauti ya Shashikant ikasikika hadi jikoni. "Labda mmoja wao alilelewa na ukoo mwingine, gotra ikabadilika! Mbona imeandikwa?"

"Kaandika nani?"

"Mtandao!"

Kuhani wa harusi, mzee aliyesoma maandiko tangu utotoni, akatoa msimamo wake: penye shaka, yeye hatoi tarehe.

Basi nikajifungia chooni nikaufuta uongo wangu wote. Nikatoka natabasamu.

Ilikuwa kazi bure. Kurasa nyingine zilikuwa zimeshaunakili, Tonga na vyote. Shashikant akapiga tena, safari hii na furaha ya mpelelezi. "Mmeona? Ule wa kwanza wameufuta! Kuna mtu anaficha ukweli!"

Siku chache baadaye nilimkuta Ketaki jikoni anasukuma chapati. Zilikuwa zinatoka na umbo la ramani.

"Ninad," akasema bila kugeuka, "sikukuu ya rakhi ikifika nimfunge Mihir uzi wa kaka mkononi? Ndiyo wanachotaka?"

Machozi yakadondoka kwenye unga. Hakuyafuta.

Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Palikuwa peupe kabisa.

Nikasema, "Pole, dada."

Kisha akaja Bibi Vatsala, bibi yake Mihir, amefuatana na Shashikant na Mihir mwenyewe, ambaye alikuwa amekonda. Bibi huyo ni mwembamba kama ufito na sari yake ya yadi tisa haina kunjo moja iliyokosea. Wote wakakaa. Ketaki akabaki amesimama mlangoni.

"Nimekuja tumalize," Bibi akasema. "Kama ni ndugu, waachane leo. Kama si ndugu, tarehe itoke leo. Shashikant, tusimulie."

Shashikant akasimulia. Wana tisa, ugomvi, akili kurithishwa. Nakiri, alisimulia vibaya, hana mapigo.

"Na mzee aligombana na wanawe juu ya nini?" Bibi akauliza.

"Haijaandikwa, Mama. Ugomvi tu."

"Mimi nadhani ni ng'ombe," Bibi akasema taratibu. "Hadithi za namna hii za kijinga huwa na ng'ombe. Mtunzi hana kichwa, anaweka ng'ombe."

Damu ikanipanda.

"Si ng'ombe, Bibi. Ni fenesi."

Feni ya darini ilikuwa inalia kwii, kwii. Sijui kwa nini sikuwahi kuisikia kabla ya hapo.

Shashikant akaanza kusugua kioo cha simu kwa kidole. "Hapa hakuna fenesi."

Na kweli halikuwepo. Wale wanane walikula fenesi la baba yao wakamwachia kokwa. Nilikuwa nimelitunga kwenye karo, nikaliondoa kabla ya kutuma kwa sababu niliona linapunguza heshima ya historia.

"Endelea, mjukuu wangu," Bibi akasema. "Lilikuwa bivu?"

Baba alisimama. Nikatazama dirisha. Lina nondo.

"Ulijuaje, Bibi?" Mihir akamuuliza.

"Nilisoma kwamba sisi ni vichwa vitupu, nikajiuliza nani alichekwa nyumba hii siku ya posa. Gotra zetu nazijua kuliko jina langu, hazijawahi kukutana. Nilimwacha Shashikant apige kelele, maana nilitaka kuona mwenye kosa atasimama lini."

Akanigeukia. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Akili elfu moja. Hakuna hata moja iliyokwambia dada yako analia?"

Nilikuwa na uongo wa akiba tayari kinywani: simu si yangu, nilifundishwa na wakubwa, nilikuwa na homa. Chukueni somo hapa wasomaji: mzaha wako ukianza kumliza mtu, umeshaacha kuwa mzaha, na kila unaponyamaza unautunga upya.

Ketaki alikuwa ananitazama, mikono yake bado ina unga.

"Iliniambia," nikasema, nikimjibu Bibi lakini nikimtazama dada. "Iliniambia kila siku. Ni mimi niliyeandika yote, na niliponyamaza nilijua unalia. Nilimwogopa Baba."