Ua wa Mkonge Uliotufungia Chemchemi

Baba yangu ndiye aliyepanda mkonge uliotufungia maji. Nalisema mapema kwa sababu nyumbani kwetu, Mbozi, upande wa Itaka, jambo hilo halikuwa likitajwa, nami nimechoka kulinyamazia.

Mlowezi mmoja wa Kizungu alikuwa na shamba la kahawa lililopakana na mashamba yetu ya mahindi, na baba alikuwa kibarua wake. Chemchemi tuliyokuwa tukichota maji tangu enzi za bibi ilikuwa bondeni. Mzungu alipopimiwa ardhi, mpaka wake ukaimeza. Kwa muda hakutuzuia. Kisha akadai ng'ombe wetu wanamharibia kahawa, akaagiza miche ya mkonge, na baba akakabidhiwa jembe na kamba ya kunyooshea mstari.

Jioni, tukiwa tunakula, mama alimuuliza, "Baba watoto, mnapanda hata pale chemchemi?"

"Pande zote."

"Na wewe unapanda?"

"Nikikataa mimi, atapanda mwingine."

"Basi angepanda huyo mwingine," mama akasema.

Baba akanawa mikono na ugali wake haujaisha.

Mkonge ule haukumwagiliwa na mtu, lakini ulikua. Majani yalinenepa, yakasimama kama mikuki, kila moja na mwiba mweusi nchani. Ukaja mwaka ambao mvua ilikatika mapema. Mahindi yetu yalikauka yakiwa yamefika magotini, nasi tukawa tunakwenda mtoni mbali kuchota maji ya matope. Mkonge ulibaki kijani, hata haukukunjamana. Mimi na mdogo wangu wa kike tukaona wazi kwamba maji yamo mle ndani. Tulikata jani moja, tukalitwanga juu ya jiwe, tukakamua. Likatoa maji kweli, mengi kuliko tulivyodhani. Mdogo wangu akawahi kuyanywa. Midomo yake ikavimba, ulimi ukawaka moto, na mikono yangu mimi ikawasha mpaka nikajikuna nikatoka damu. Mama alitusafisha kwa maji yaliyobaki kwenye kibuyu. Hakutugombeza.

Miaka ya baadaye, katika shule ya wasichana ya misheni, mwalimu wetu alipasua jani la mshubiri mbele ya darasa, akatuonyesha ute wake. Alisema mimea ya namna hiyo, na mkonge ukiwamo, hutandaza mizizi karibu na uso wa udongo, hivyo manyunyu machache tu yakidondoka, huyanywa upesi na kuyaweka katika nyama laini ya jani au ya shina. Ngozi yake ina nta, maji yasitoke. Hata vitundu vidogo vya kupumulia huvifunga mchana jua linapochoma, na kuvifungua kukiwa na ubaridi wa usiku. "Ni mimea yenye akili," alisema, na wenzangu wakacheka kwa furaha. Mimi niliandika yote, sikucheka. Nilikuwa namfikiria mama.

Maana mwaka ule ule wa ukame mama alichoka na matope ya mtoni. Nguruwe pori walikuwa wamefukua upenyo chini ya ua, naye akaanza kupita hapo asubuhi, akisukuma mtungi mbele kisha akijiburuta nyuma yake. Siku moja, akiwa anarudi, nyapara alimpigia kelele kutoka juu kwenye kahawa. Mama akashtuka, akainua kichwa. Mwiba ukamwingia jicho la kulia.

Alifika nyumbani mtungi umejaa, kiganja kimoja kimefunika jicho, damu inamtiririka hadi kiwikoni. Akautua mtungi taratibu usimwagike, ndipo akaketi chini. Dresa, mfunga vidonda wa misheni, alimwambia kwamba jicho limekufa.

Nilidhani baba angeshika panga akafyeke ua wote. Alikwenda kazini. Jioni akatueleza kwamba amemwomba mzungu afungue njia ndogo ya kupita kina mama, na mzungu amejibu kwamba mama ni mwizi, ashukuru hakupelekwa barazani kushtakiwa.

"Ukamjibu nini?" mama akauliza.

"Ningemjibu nini, mama watoto?"

Kesho yake mama alitufungia nguo, tukatembea hadi kwa kaka zake karibu na Tunduma. Nilifurahi. Nilijua wajomba zangu hawana mchezo. Lakini baba alipotufuata, mjomba mkubwa alimkaribisha vizuri, wakala pamoja, kisha akamwita mama uani.

"Dada, pole kwa jicho. Lakini ng'ombe wa mahari yako ndio niliooa nao. Nitawatoa wapi nimrudishie?"

Mama akatufungia nguo tena. Tulirudi Mbozi, baba akitangulia.

Tangu hapo baba akawa anakwenda mtoni mwenyewe kabla ya kazi, debe kichwani, na wanaume wenzake wakimcheka njiani. Mama aliyapokea maji yale. Alipikia, alifulia, alituogesha. Ila ya kunywa yeye mwenyewe aliyafuata kwa miguu yake, kwa mtungi wake, akayaweka pembeni. Baba aliona. Hakuacha kuchota, hadi kifua kilipomlaza.

Siku za msiba wake mama aliwapikia waombolezaji wote, na hakulia. Baadaye nikamuuliza kama alikuwa amemsamehe baba.

"Nilimpikia kila siku," akasema, akaniambia nimpishe, anataka kufagia.