Nilimbembeleza Mama Frida mpaka akakubali kulala kwenye tela langu

Wakuu, kamwene.

Kwa wasiojua, hivyo ndivyo tunavyosalimiana sisi Wabena. Nimesoma jukwaa hili kimya kimya miaka kadhaa bila kuandika chochote. Leo nimeona niseme, na nitakachosema ni kweli tupu. Nina miaka tisini na kitu, sina tena mtu wa kumfurahisha kwa uongo.

Naandika kwa kidole kimoja na herufi nimezikuza mpaka zimejaa kioo. Mtanivumilia makosa.

Juzi kuna kijana humu aliweka picha ya tela la kulalia alilojitengenezea. Akauliza amshawishije mkewe waende nalo porini, maana mke hataki hata kulisikia. Mkamjibu kwa utani mwingi, na mimi nikacheka peke yangu hapa sebuleni.

Halafu nikaiweka simu chini, sikuishika siku mbili.

Kwa sababu mimi wangu niliwahi kumshawishi.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru, Mwingereza bado yupo. Nilikuwa seremala wa barabara ya Njombe kwenda Makambako. Madaraja yalikuwa ya magogo na mbao, kila masika yanaoza au yanabebwa na maji, kwa hiyo kazi ilikuwa haiishi. Tulilala kwenye maturubai, na daraja likikamilika kambi inahamia lingine.

Nyumbani kwangu kulikuwa nje kidogo ya Njombe. Nilikuwa narudi baada ya miezi miwili, wakati mwingine mitatu.

Nilikuwa na mke na mtoto mmoja, Frida. Safari moja nimefika, mtoto ana mwaka na nusu, nikamnyooshea mikono. Akajificha nyuma ya mama yake akalia. Mke wangu akamwambia, "Usilie, ni baba yako huyu," kama vile anamtambulisha mgeni.

Iliniuma. Nilirudi kambini nina jambo moja tu kichwani, kwamba lazima hawa watu wawili niwe nao.

Sasa, bwana barabara wetu alikuwa Mwingereza, sisi tukimwita Bwana Mrefu. Yeye hakulala kwenye turubai. Alikuwa na nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari lake, mkewe yumo ndani. Jioni wanatoa viti, wanakaa nje wanakunywa chai kwenye baridi ile. Kuna watu kambini walikuwa wanawacheka. Mimi nilikuwa nawaonea wivu.

Nikajiuliza, kitu chenyewe si mbao na magurudumu tu? Mbao ndiyo kazi yangu.

Bwana Mrefu alinipa ekseli ya lori bovu. Mbao za mlingoti, yaani mkaratusi, nilipasua mwenyewe, paa nikaezeka kwa madebe ya mafuta ya taa niliyoyafungua na kuyanyoosha. Kila Jumapili baada ya ibada nilikuwa naizunguka ile nyumba yake naipima kwa macho, nikirudi nakwenda kufanya vilevile. Kitanda cha kukunja, nikaweka. Mlango wa kujifungia kwa ndani, nikaweka. Juu karibu na paa kulikuwa na vitundu viwili vyenye vifuniko, huku na huku. Nikaviweka pia, ingawa sikujua ni vya nini. Nilidhani ni urembo.

Sikuuliza. Niliogopa akijua nafanya nini ataniona najikweza.

Ilinichukua karibu miezi minne. Nikaenda nyumbani na habari zangu, najiona mtu.

Mama Frida alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kumenya viazi. Halafu akauliza, "Kwani Bwana Mrefu kwao hana nyumba?"

Nikamwambia anayo. Akasema, "Basi yeye anaweza kuchezea kulala barabarani. Mimi nina shamba, na mtoto."

(Msimlaumu. Kwetu siku zile mwanamke kuacha shamba lake na kufuata mume kwenye kambi ya wanaume ilikuwa aibu. Mama yangu mwenyewe alikuwa upande wake.)

Kila nilipokwenda nilibembeleza. Kila nikibembeleza alitoa sababu mpya, na mimi kila sababu nikaipokea kama fundi aliyepewa kazi. Ya shamba tulimaliza, dada yangu alikubali kulitunza. Ikabaki ya moto.

"Nyumba haina moto ndani," alisema. "Nitalalaje na mtoto?"

Mnaoishi Dar hamuwezi kuelewa. Njombe mwezi wa sita na wa saba baridi inaingia kwenye mifupa, alfajiri majani yameganda. Nyumba zetu zilikuwa za udongo na nyasi, moto wa kuni katikati, moshi unapita kwenye nyasi za paa polepole. Macho yanachoma lakini mnalala mmepata joto. Kwenye sanduku la mbao moto wa kuni hauwezekani, tungeungua wote.

Ndipo nikakumbuka mkaa.

Sisi nyumbani mkaa hatukuutumia. Wenye mkaa walikuwa wahunzi, na wachache waliokuwa na pasi. Pale Njombe palikuwa na fundi chuma mmoja Mpangwa, mtu wa pande za Liganga, mhunzi mtoto wa mhunzi. Kibanda chake kilikuwa paa tu, hakina ukuta hata mmoja. Nilimwendea nikaomba anitengenezee jiko la debe na aniuzie gunia la mkaa.

Akaniuliza, "Gunia zima? La kazi gani?"

Nikamwambia la kupigia pasi nguo za kanisani.

Wakuu, huo ndio uongo ninaotaka muukumbuke. Niliona haya kusema kwamba nahangaika kumbembeleza mwanamke. Akaniuzia. Ningemwambia naupeleka kwenye chumba anacholala mtoto, mtu yule aliyekua kando ya mkaa tangu utotoni asingenyamaza.

Niliuwasha mbele ya Mama Frida, uwanjani. Makaa yakawa mekundu, safi kabisa. Akalizunguka jiko, akainama akanusa.

"Moshi wake uko wapi?"

"Hauna. Ndiyo uzuri wake."

Akainuka. Akasema moto wa namna hiyo yeye hajauzoea. Nikacheka, nikamwambia mambo yamebadilika.

Baadaye lori la kazi lililokuwa linakuja kuchukua mbao lilinivutia tela mpaka nyumbani, alione. Akapanda na Frida mgongoni, akaketi kitandani, akainua kiganja juu.

"Huku juu kuna upepo. Mtoto atakohoa."

Ni vile vitundu viwili.

Siku hiyohiyo nikaviziba. Nilikata vipande vya debe, nikapigilia misumari, nikapaka lami tuliyokuwa tunapaka mbao za madaraja. Na kila ufa niliouona kwenye kuta nikaupaka pia. Nikamwita aje apime tena.

Akainua kiganja. "Sasa sawa," akasema. Akaenda kufunga mizigo.

Nilifurahi siku ile kuliko siku ya harusi yetu. Siwafichi.

Siku ya kuhama alikataa kupanda likiwa linatembea. Lori linavuta tela taratibu kwenye matope, yeye anatembea nyuma ya nyumba yake mwenyewe, mtoto mgongoni, mwavuli mkononi. Watu wa barabarani wanashangaa. Nyapara wetu alicheka mpaka akakaa chini, na yeye Mama Frida mwishowe akacheka. Safari iliyofuata alipanda.

Tuliishi hivyo kama wiki saba. Nitasema zilikuwa nzuri. Nikitoka kazini kuna mtu ananisubiri. Frida alianza kuniita baba, halafu akawa hataki niondoke asubuhi, ananishika suruali. Mama Frida aliweka mafiga yake nje ya mlango, akapanda mboga kidogo pembeni, akijua tutaziacha. Jiko la mkaa tuliliwasha jioni mlango ukiwa wazi na kulitoa wakati wa kulala, kwa kuogopa moto tu, si kwa akili nyingine yoyote. Kambi ilikuwa inasogea Makambako daraja kwa daraja, na yeye akaanza kuniuliza Makambako kukoje. Alitaka kuona garimoshi. Nikamwambia garimoshi halifiki huko, akanuna kama mtoto.

Kambi ya mwisho ilikuwa karibu kabisa na Makambako. Mwezi wa saba.

Siku hiyo ukungu haukuondoka tangu asubuhi, na manyunyu yale ya barafu. Frida alikuwa na mafua. Kabla sijatoka niliwasha jiko mwenyewe, nikaliingiza ndani, nikamwambia mama yake, "Funga mlango, baridi isiingie." Akafunga komeo. Nililisikia.

Saa sita nikaja kula. Mafiga yamelowa, hakuna kilichopikwa. Nikagonga. Nikaita. Nilidhani wamelala, nikacheka kidogo, nikaita tena.

Mlango nilioutengeneza ulikuwa imara. Tuliuvunja watatu kwa mtaimbo.

Mama Frida alikuwa ameanguka mlangoni, uso uko kwenye ufa wa chini, pale nilipokosa kupaka lami kwa sababu mlango usingefunguka. Alikuwa anapumua. Frida alikuwa kitandani amefunikwa vizuri, mashavu mekundu. Nikasema yuko salama, hebu ona rangi yake.

Hakuwa salama.

Bwana Mrefu alikuja mbio. Aliingia, akaangalia jiko, kisha akatazama juu. Alikuwa hahitaji kupanda kitu, aliinua mkono tu akagusa lami yangu pale palipokuwa na kitundu. Kiswahili chake kilikuwa kibovu. Akaniuliza, "Wewe, kwa nini funga?"

Alitupakia kwenye gari lake mwenyewe mpaka Njombe hospitali, anaendesha na kufuta macho. Mke wangu alizinduka kesho yake. Daktari ndiye aliyenieleza kuhusu ile hewa ya mkaa, kwamba haina harufu wala huioni.

Jeneza nilitengeneza mimi. Lilikuwa fupi, halikuchukua hata nusu siku.

Ndugu zake walitaka kumrudisha kwao. Walisema nilitaka kuishi Kizungu na nimelipwa. Yeye alikataa kuondoka. Kichwa kilimuuma miezi mingi, alikuwa anasahau hadi majina, lakini alibaki.

Sasa nafika penyewe.

Kama mwezi baada ya mazishi tulikuwa shambani tunachimba viazi. Akasimamisha jembe, hakunitazama. Akasema, "Mimi ndiye niliyesema kuna upepo."

Nilitakiwa kusema hapana. Nilitakiwa kumwambia habari ya fundi chuma na uongo wangu wa pasi. Nilitakiwa kumwambia kwamba vitundu vile niliviona kwenye nyumba ya Bwana Mrefu kila Jumapili na sikuuliza, kwa kiburi changu. Kwamba yeye moto ule alishautilia shaka kwa macho yake na mimi nikamcheka.

Badala yake niliendelea kuchimba. Kuna sehemu ya moyo wangu, Mungu anisamehe, ilipata nafuu kwamba mzigo umechukuliwa na mwingine.

Tuliishi pamoja zaidi ya miaka sitini baada ya siku ile. Tulipata watoto wengine wanne, wapo. Na katika miaka yote hiyo Mama Frida hakulalamika tena. Hata mara moja. Paa lilivuja juu ya kitanda masika nzima, akawa anasogeza sufuria. Viatu vilimbana, akavaa. Watu kanisani walikuwa wananisifu kwamba nimepata mke mvumilivu, na mimi najibu asante. Nilijua nini kimemfundisha huo uvumilivu.

Alipougua tumbo hakusema. Tulikuja kujua ameshakuwa mifupa. Daktari akamuuliza, "Bibi, maumivu haya yalianza lini?" Akasema ni muda kidogo. Ilikuwa zaidi ya mwaka.

Hata wiki ile ya mwisho, nimeshika mkono wake, nilikuwa na nafasi. Nikamuuliza kama anataka maji.

Amezikwa karibu na Frida. Tela lenyewe lilibaki kulekule Makambako, nilisikia mtu alilifanya banda la kuku baada ya kung'oa mlango.

Kijana uliyeuliza: jiko la mkaa usiliingize mle, hata kwa dakika, hata mvua inyeshe mawe. Na vitundu vya juu viache wazi, mke akisema anasikia baridi ongeza blanketi. Lakini zaidi ya hapo, mkeo akikataa, usifanye nilivyofanya mimi, kuwinda sababu zake moja moja mpaka ziishe. Muulize anaogopa nini, halafu nyamaza umsikilize. Wangu alikuwa ameshaniambia.

Na ninyi wengine mlio na neno analowadai mwenzenu, na bado anapumua, iacheni simu mkamwambie. Mkirudi mje mniambie alisemaje, nitasoma yote. Mwenye kunilaumu pia aseme tu, nimechelewa sana kulaumiwa.

Mama Frida, hukukosea. Upepo ulikuwepo, na ulikuwa wa kuwaweka hai.